Hadithi Uliyosinzia Kabla Haijaisha

Mke wangu Hadija, Mama Somoe,

Assalaam alaykum huko uliko. Mie nimekaa mlangoni, mchana wa Jumapili, nyumba imetulia. Ndege zinapita juu ya bati letu kama kawaida ya Yombo, na kila ikipita moja nanyanyua kalamu nasubiri, maana meza inatikisika. Mwanao hayupo. Jana dada yako Mwanahawa alikuja kumchukua, yuko Kinyerezi kwa likizo. Likizo tu, Hadija. Atarudi. Nimeliandika hilo neno na nimelisoma tena kwa sauti, peke yangu kama mwehu, kwa sababu kuna miezi sikuwa na hakika nalo.

Sijawahi kukuandikia barua. Tulipokuwa wachumba, wewe uko Newala mie niko huku, nilikuwaga nakupigia simu, nawe ukinilalamikia kwamba naongea kama mtu anayefukuzwa. Leo hanifukuzi mtu. Nitakueleza taratibu.

Habari yenyewe ni hii: mtoto wetu anaelewa anachokisoma.

Najua utashangaa. Utasema, Bakari, hiyo nayo habari? Mtoto mwenyewe nilimwacha anasoma kama chiriku. Ni kweli. Wewe ndiye uliyemfundisha, kwa mabaki ya vitambaa vya sare ulizokuwa unashona, ukikata herufi na kumpanga nazo pale mkekani. Alikuwa hajamaliza Darasa la Kwanza na tayari anasoma mabango yote ya barabarani, mpaka yale ya waganga wa kienyeji, akituaibisha mbele za watu. Nilijivuna. Ulipougua ukawa hutoki kitandani, yeye ndiye akawa redio yako. Akirudi shule anavua viatu, anapanda kitandani, anafungua kitabu. Nami nikirudi kutoka karakana naikuta ile sauti yake nyembamba imejaa nyumba, nasema moyoni, Alhamdulillahi, mgonjwa wangu ana wa kumliwaza.

Basi ulipotutoka, nilidhani katika yote nitakayohangaika nayo, kusoma kwa Somoe si mojawapo.

Siku ya arobaini yako, watu walipokwisha kula na kutawanyika, dada Mwanahawa aliniita uani. Hakuja kwa shari, Mungu shahidi. Macho yake yalikuwa yamevimba. Akaniambia, "Shemeji, mie siji kukunyang'anya mtoto. Lakini mtoto wa kike anataka mama. Wewe unatoka asubuhi unarudi na maranda ya mbao kichwani. Nipe nimlee." Alichosema hakikuwa cha uongo. Nikamwomba tu anipe muda. Tukakubaliana tuangalie mpaka likizo ya Juni. Mtoto akienda vizuri, abaki. Akiyumba, aende Kinyerezi.

Nikajitahidi, Hadija. Nilijifunza kusuka nywele, nikazisuka vibaya, nikamkabidhi jirani. Ubwabwa wangu unaujua. Lakini mtoto alikula, alioga, alikwenda shule. Nikasema tunakwenda vizuri.

Halafu Mwalimu Agripina akanipigia simu.

Yule mwalimu hukuwahi kumjua, ndiye wa Darasa la Pili. Mama wa makamo, mtu wa Ndanda, mpole ila hana maneno mengi. "Baba Somoe, pita shuleni. Si kwa ubaya." Ukiambiwa na mwalimu si kwa ubaya, ujue ubaya upo. Nilimkuta darasani watoto wameshatoka, Somoe amekaa dawati la mbele. Mwalimu akampa kitabu. Hadithi fupi: Asha katumwa dukani kununua chumvi, kasahau njiani, karudi na sukari, mama katia mchuzini bila kuonja, bibi kasusa chakula. Somoe aliisoma bila kujikwaa hata mara moja. Mbio, kama kafukuzwa na mbwa. Nikatabasamu.

Mwalimu akafunga kitabu. "Somoe, Asha alitumwa nini?"

Somoe akakitazama kitabu kilichofungwa.

"Bibi alifanya nini?"

Mtoto akamtazama mwalimu, akaunyoosha mkono, akakivuta kitabu, akaanza kusoma tena kutoka mstari wa kwanza.

Mwalimu alimruhusu akacheze nje, kisha akaniambia, "Kwa kutamka, hakuna wa kumfikia darasa zima. Lakini hadithi haimwingii. Inapita mdomoni inamwagika. Akiendelea hivi, mwisho wa mwaka itabidi arudie darasa." Akaongeza, "Na akirudia si tatizo sana. Tatizo ni kwamba huyu mtoto hafurahii. Mwangalie uso akisoma."

Nilitoka pale nikiwa na jambo moja tu kichwani: dada Mwanahawa akisikia hili, mtoto keshaondoka.

Nikafanya nilichojua. Ubao ukiwa na kovu unaupiga randa zaidi, au sivyo? Nikamzidishia kusoma. Akitoka shule anakuja karakana, namkalisha juu ya benchi, anasoma huku napiga msasa. Kurasa na kurasa. Wenzangu wakawa wanamsifu, huyu atakuwa mtangazaji huyu. Nikimuuliza, hadithi inahusu nini mwanangu, anaanza tena mwanzo. Na kwa sauti ileile.

Nikarudi kwa Mwalimu Agripina kumweleza bidii yangu. Alicheka kidogo, si kwa dharau. "Baba Somoe, usimwongezee. Mpunguzie. Asome kipande kidogo, afunge kitabu, akusimulie kwa maneno yake, hata akikosea. Kabla hajafungua, muulize kwenye picha anaona nini, anadhani kitatokea nini. Na usiulize tu yale yaliyoandikwa. Uliza na yasiyoandikwa. Bibi kwa nini kasusa? Hapo kitabuni hawakusema. Lazima amwingie bibi moyoni."

Nikaona ni jambo jepesi. Kumbe kusoma kipande kidogo na kufunga ndicho kitu ambacho mwanao hakuweza kabisa. Nikimwambia, basi hapo, simama, anaongeza mwendo. Nikigusa kitabu anakikumbatia. Siku nyingine mabega yanampanda mpaka masikioni, anasoma huku anatetemeka, na mie nikadhani ni ukaidi.

Jumamosi moja asubuhi, tumeshakunywa chai, tulikaa pale mkekani. Alikuwa anasoma hadithi ya mvua. Alipofika mwisho wa ukurasa nikaweka kiganja changu juu ya maandishi. Taratibu tu. Nikamwambia, "Hapa tupumzike. Niambie, mvua iliponyesha, wale watoto walijisikiaje?"

Hadija, mtoto alilia kilio ambacho hakulia hata siku tuliyokuzika. Akaushika mkono wangu kuutoa, akasema, "Baba, usininyamazishe! Nikinyamaza mama anafumba macho."

Sikuelewa mara moja. Nilimpakata, nikamwacha alie. Maneno yakatoka kidogo kidogo. Alisema ulikuwa unamwambia, soma mwanangu, nakusikia. Na kila akinyamaza akikutazama, macho yako yamefumba. Akisoma tena, unafumbua. Basi akajiwekea kichwani kwamba ni sauti yake ndiyo inayokushikilia. Haijalishi imebeba nini, muhimu isikatike. Akawa anasoma asivute pumzi. Halafu tukakupeleka hospitali, na kule wodini watoto hawaruhusiwi. Akaniuliza, kwa sauti ya chini kabisa, "Kule nani alikuwa anamsomea?"

Kumbe mwanangu amebeba hilo miezi yote hiyo. Anapika nami, anacheka na wenzake, anavaa sare, na ndani yake anaamini mama yake kafa kwa sababu sauti ilikatika.

Nilijua kupiga randa, sikujua kumtoa mtoto wa miaka saba kwenye shimo kama lile. Ila Mungu si Athumani. Nikakumbuka siku ile wodini ulipopata nafuu kidogo, jua limekupiga usoni, ukaniambia sogea nikuhadithie aliyonisomea Somoe. Ukanihadithia habari za mbuzi aliyekula kadi ya harusi. Ulicheka mpaka mama wa kitanda cha jirani akauliza kuna nini.

Nikamwambia Somoe, "Mama hakuhitaji wa kumsomea kule. Alikuwa na hadithi yako kichwani. Wewe ulinyamaza, yeye akaendelea nayo. Akanihadithia na mimi."

Akafuta kamasi kwa mkono wa gauni. "Hadithi gani?"

"Ya mbuzi aliyekula kadi."

"Alisimuliaje?"

Nikamsimulia kama ulivyonisimulia. Mbuzi wa mzee fulani kaingia ndani, kala kadi ya harusi, mzee hajui harusi iko ukumbi gani, kazunguka mtaa mzima anauliza. Mwisho wenye harusi wakamchukua yule mbuzi, wakamchinja, naye akaingia ukumbini akiwa ndani ya pilau.

Somoe akanyanyuka mapajani mwangu. Uso umelowa, macho yamemtoka. "Siyo hivyo! Baba, siyo hivyo kabisa! Hakuchinjwa! Walimvisha shada la maua akaingia na bibi harusi, na mzee akamfuata nyuma, ndiyo akaujua ukumbi!"

Mtoto ambaye hadithi hazimwingii! Hii ilimwingia yote, tangu mwaka jana, mpaka na shada la maua. Nikajikaza nisionyeshe. Nikamuuliza tu, "Sasa mama kapata wapi hiyo ya pilau?"

Akafikiri. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akikaa kimya bila kuogopa. Akatazama mto wako kitandani, akatazama kitabu. Halafu akasema polepole, kama anayevuta uzi wa sindano, "Alisinzia. Mwishoni pale alisinzia... hakuusikia mwisho. Basi akautunga mwenyewe." Akanitazama. "Kwa hiyo alikuwa anafumba macho, analala tu?"

"Alikuwa amechoka, mwanangu. Sauti yako ilimfanya alale vizuri. Na ugonjwa ulikuwa mkubwa kuliko sauti yoyote, yako, yangu na ya daktari."

Akautazama tena mto wako. Halafu akacheka, Hadija. Huku bado anashikwa na kwikwi za kulia, akacheka: "Mama naye! Ametia pilau!"

Hiyo pilau yako imemponya mtoto. Sijui kama ulisinzia kweli, au ulikuwa na njaa, au ulinitania tu. Ungekuwepo ningekuuliza. Lakini kwa uongo wako ule mdogo, mwanao ametua mzigo.

Sitakudanganya kwamba kesho yake mambo yalinyooka. Alizoea kukimbia, na mazoea yana tabu. Lakini sasa nikiweka kiganja juu ya ukurasa hatetemeki. Tukaanza mchezo: anasoma kipande, anafunga, ananisimulia, halafu mie natia chumvi makusudi nikirudia, naye ananikosoa. Anapenda kunikosoa kuliko halua. Ile habari ya Asha na sukari tumeisoma mpaka wenzangu karakana wanaijua. Nilimuuliza bibi kasusa kwa nini, siku ya kwanza akajibu, "Mchuzi mtamu." Siku nyingine akasema, "Kwa sababu hakuna aliyemwomba msamaha. Wote walikuwa wanacheka." Hilo halimo kitabuni, Hadija. Nimelitafuta.

Na si kitabuni tu. Siku moja kwenye simu yangu uliingia ujumbe, mikono yangu ina gundi, nikamwambia nisomee. Akasoma: "Fundi, hicho kitanda changu kimeshaota mizizi huko?" Akakunja uso. Zamani angesoma akaendelea na yake. Safari hii akauliza, "Baba, mbao ikishakatwa inaota mizizi?" Nikamwambia hapana. Akaisoma tena kimya, midomo inacheza. Mara akashika kiuno kama wewe, akasema, "Huyu amekasirika. Anasema umechelewa!" Karakana nzima ilicheka, na mimi niliyechelewa nikacheka kuwashinda wote. Kile kitanda nilikimaliza jioni ileile.

Mwalimu Agripina nilimweleza yote, ya kitandani na ya wodini. Alivua miwani akaifuta muda mrefu. Akasema, "Mie nilidhani nina mtoto asiyeelewa. Kumbe alielewa kitu kimoja kikubwa mno, kikaziba vingine vyote." Tangu hapo darasani akawa anamwacha asome mistari michache tu, kisha anamwambia awaulize wenzake swali. Anasema watoto wanagombania kuulizwa na Somoe, kwa sababu maswali yake ni ya ajabu. Na kuhusu kurudia darasa, wiki iliyopita kabla hawajafunga aliniita tena. Safari hii alitabasamu kabla sijasalimia. "Hilo tuliache, Baba Somoe. Huyu hana haja."

Nilitoka nje ya geti la shule nikaegemea ukuta. Mama muuza mihogo akaniuliza, "Kaka, unaumwa?" Nikamwambia, hapana dada, nimepona.

Lakini Juni ilikuwa imefika, na dada Mwanahawa ni mtu wa ahadi. Jana akaja. Amevaa lile gauni la kitenge ulilomshonea, hata sikuweza kumwangalia moja kwa moja. Tulikula, akauliza habari za shule, nikaanza kujieleza kama mtuhumiwa. Somoe akanikatiza. Akamletea kitabu, akajibanza ubavuni kwake. "Mama mkubwa, kabla sijafungua, angalia picha. Unadhani kitatokea nini?"

Dada yako akatazama picha: mtoto, ndoo, mlango uliofungwa. "Nadhani mtoto atachota maji."

"Fikiri tena. Mlango umefungwa. Nani kaufunga?"

Mwanahawa akanitazama juu ya kichwa cha mtoto. Wakasoma. Kila ukurasa Somoe anasimama, anauliza, anasubiri, na dada yako, mtu mzima na heshima zake, anakosea. Walipomaliza akaniomba maji. Nilipomletea nikamkuta analia, bila sauti, mkono uko mgongoni mwa mtoto. Akaniambia, "Mtoto huyu hajakosa mtu wa kumlea, shemeji. Abaki kwake." Kisha akajipangusa na kurudi kuwa Mwanahawa tunayemjua: "Ila likizo zote ni zangu. Na nywele hizi, jamani, nani kamfanyia hivi?"

Basi ndiyo kaenda. Kaondoka na mfuko wa nguo na vitabu vyake, hata hakugeuka kunipungia. Nimefurahi hakugeuka.

Leo nimelala mpaka jua limepanda. Nimekuota wewe? Sikuota kitu. Nililala tu kama gogo, na nilipoamka kifua kilikuwa chepesi, nikaona ni haki yako ujue.

Jambo moja tu ndilo lililobaki, nalo si baya. Tangu alipojifunza kuuliza, anaulizia na habari zako. Juzi kaniuliza, "Mama alipokuwa Darasa la Pili alikuwa anaogopa nini?" Miaka yote tuliyoishi pamoja sikuwahi kukuuliza. Nikamjibu sijui. Akasema, "Basi tumuulize anayejua."

Kwa hiyo nakuahidi hivi, Hadija. Swali lolote atakalouliza juu yako sitalikimbia, hata likiniuma. Ninalolijua nitamjibu ukweli. Nisilolijua, Desemba nitampeleka Newala kwa mama yako, tukae chini, tuulize. Atakujua. Hatakuwa na sauti yako tu na sura ya kwenye picha. Atakujua mpaka ulichokuwa unakiogopa.

Mwenyezi Mungu akupe kauli thabiti na akuangazie kaburi lako. Pumzika, mama. Mtoto yuko salama, nami nipo.

Mumeo,
Bakari